Kioo Kilichoninginia Juu Mno

Sijawahi kuona kitu kilichopendwa bila sababu kama kioo cha mama mkwe wangu. Kilikuwa kikubwa kama mlango wa kabati. Fremu yake ilikuwa ya mbao iliyochongwa majani, zabibu na ndege wawili waliokuwa wakigombania kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kukitambua, na yote ilikuwa imepakwa rangi ya dhahabu. Dhahabu yenyewe ilikuwa imebanduka, hasa kwenye wale ndege, kiasi kwamba mmoja alibaki na kichwa cha kahawia kama kuku aliyenyonyolewa. Dawa ya nyuma ya kioo ilikuwa inaoza, na madoa meusi yalitambaa kutoka pembeni kuelekea katikati kama ukungu kwenye mkate. Wageni kutoka mjini walikuwa wakiinua shingo na kusema, "Hii ni antiki kabisa." Hakuna hata mmoja wao ambaye angeweza kukueleza antiki ni nini, lakini neno hilo walilitamka kwa sauti ya kanisani.

Kilitoka kwa Mhindi. Baba mkwe, ambaye sikumkuta hai, alikuwa mtunza stoo wa duka moja la vitambaa Kisumu tangu ujana wake mpaka mvi zikamjaa. Mwanzoni mwa miaka ya themanini tajiri wake alifunga duka akahamia Uingereza na familia yake. Siku walipokuwa wanafunga makasha alimwita mzee ndani ya nyumba, akamwambia achague kimoja kati ya vitu wanavyoviacha. Mama mkwe ndiye aliyenisimulia, tena kwa fahari. Kulikuwa na cherehani. Kulikuwa na kitanda cha chuma. Kulikuwa na meza ya kulia chakula na viti vyake. Mzee akazunguka, akatazama, akachagua kioo.

"Aliona mbali," mama mkwe akaniambia.

Mimi nilikuwa nawaza ile cherehani.

Kioo kikaletwa nyumbani kwa mzee, Kisian, kwenye pikapu, kimeviringishwa magodoro mawili, na kijiji kikatoka kukitazama. Kisha kikatundikwa, na hapo ndipo utajua hawa ni watu wa namna gani. Huku kwetu picha hutundikwa juu kabisa, karibu na mabati, zikiinamia mbele, kila moja na kamba yake, utafikiri waliomo wanachungulia kama wageni wamepewa chai ya kutosha. Picha ya harusi juu. Picha ya rais juu. Kalenda ya mwaka juzi juu. Sasa kioo, kwa kuwa ni kitu cha heshima kuliko vyote, kikapelekwa juu zaidi ya rais, kikainamishwa kama wenzake. Hakuna aliyejiuliza kioo ni cha kazi gani. Ukisimama karibu nacho huoni chochote. Ukirudi nyuma hatua chache unajiona kutoka utosini, mfupi, mpana, umekwama sakafuni kama kisiki. Mtu pekee aliyeweza kujiangalia humo ni mume wangu, kwa sababu ni mrefu na hakosi muda. Alikuwa anapanda juu ya kigoda anachana masharubu.

Na picha tulizopigwa! Kila mgeni wa maana alitaka kupigwa picha chini ya kioo. Mpiga picha anabonyeza, mwanga wa kamera unagonga kioo, na picha zikirudi kutoka mjini kila moja ina mpira wa moto mweupe mahali ambapo kichwa cha mtu kilipaswa kuwa. Mama mkwe anazo albamu mbili za watu wasio na vichwa. Anazionyesha bila aibu.

Niliolewa humo mwishoni mwa miaka ya themanini, nimetoka tu kumaliza kidato cha nne. Kwetu ni Katito. Huku mke hutajwa kwa alikotoka, kwa hiyo nikaacha jina langu mlangoni nikawa Nyar Katito, binti wa Katito. Siku ya pili mama mkwe alinipitisha sebuleni kama mtu anayemwonyesha mlinzi mpya geti.

"Nyar Katito, hii kioo unapanguza na gazeti kavu. Usitumie maji. Usitumie mate."

"Mate, Mama?"

"Kuna bibi ya mtu alitumia mate."

Huyo bibi ya mtu sikuwahi kumjua, lakini nilimpenda papo hapo.

Mimi nilijichania nywele jikoni, kwa kioo kidogo cha plastiki nilichonunua pale senta, kilichopasuka pembeni. Kilinionyesha uso wangu wote, na hakikuniomba gazeti.

Mvua ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Kwetu ziwani radi si hadithi, inaua watu na ng'ombe, sibishi. Na watu wengi hufunika vioo mvua inapokuja, kwa sababu inasemekana kioo huita radi. Mama yangu Katito alikuwa anakigeuza chake kuelekea ukutani kwa mkono mmoja, mkono wa pili unaendelea kukoroga mboga. Kwa mama mkwe ilikuwa shughuli ya nyumba nzima. Mawingu yakianza kujikusanya juu ya maji, mahindi yako nje yameanikwa, nguo ziko kambani, na yeye anapiga kelele, "Shuka! Leteni shuka!" Mahindi yalowe, nguo zilowe, lakini kioo kifunikwe kwanza. Nilipanda kile kigoda nikiwa na mimba ya miezi minane, nashikilia ukuta kwa mkono mmoja, naning'iniza shuka jeupe juu ya ndege wao wawili, huku yeye amekaa chini ananielekeza, "Kushoto. Kushoto kidogo. Bado inaonekana."

Kisha nikajifungua binti.

Kuna kanuni nyingine pia: mtoto asijione kwenye kioo kabla ya kuota meno. Mama mkwe alimpitisha mjukuu wake sebuleni amefunikwa uso kwa leso mpaka meno yalipotoka. Yakatoka yote, mazuri. Baada ya hapo mtoto akakipenda kile kioo. Alikuwa na mahali pake kwenye mkeka, katikati ya sebule, mgongo mlangoni, uso juu. Angeweza kukaa hapo mchana mzima na gunzi lake la mahindi na kifuniko cha sufuria, anatazama juu, anacheka peke yake. Kioo kile kilichowanyima watu wazima sura zao kilimpa yeye chumba kizima kutoka juu: mkeka, viti, miguu ya wageni, na mlango nyuma yake.

Lakini hakusema. Mwaka ukapita, wa pili ukapita, akawa anakaribia miaka mitatu, na kinywani hakuna hata neno moja. Sauti alikuwa nayo, tena kubwa. Maneno hakuna.

Shangazi wa mume wangu, mwanamke anayeishi boma la pili na anayejua saa ya chai ya kila nyumba, ndiye aliyeanza.

"Huyu mtoto kioo imemeza maneno yake," akasema, anapuliza chai. "Alijiona mapema."

"Alifunikwa, Shangazi. Mpaka meno yakatoka."

"Ulifunika vizuri?"

"Mama ndiye alikuwa anafunika."

Mama mkwe akaweka kikombe chini. "Mimi nilifunika sawasawa. Lakini usiku siko kwa chumba yenu, Nyar Katito. Najuaje wewe unamwonyesha nini huko?"

"Sasa kama ni kioo," nikasema, "tukiondoe."

Shangazi akaacha kupuliza chai. Ungefikiri nimesema tuuze kaburi la mzee.

"Kioo ya mzee?" mama mkwe akasema. "Afadhali uondoe mtoto."

Alisema hivyo. Sijaongeza neno hata moja.

Niliwaambia nataka kumpeleka hospitali. Waliniuliza ana homa gani. Nikasema huenda hasikii. Wakacheka, na kusema kweli walikuwa na sababu ya kucheka. "Hasikii? Huyu?" Mume wangu alikuwa anafanya kazi mjini na kurudi Jumamosi. Alikuwa anasimama mlangoni, hajavua hata viatu, anaita, "Nyathina!" yaani mtoto wangu, na mtoto anageuka kabla hajamaliza neno, anamkimbilia. Mama mkwe alikuwa akiingia na maziwa, mtoto anageuka. Shangazi akija kunusa chai, mtoto anageuka. Kule uani alikuwa haitiki hata ukipiga kelele, lakini uani kuna kuku, kuna mbuzi, kuna vumbi la kuchezea.

"Anasikia anapotaka," mama mkwe akasema. "Ni kiburi. Imetoka Katito."

Nilibaki na hilo moyoni kwa miezi. Kama hasikii, anageukaje? Na kama anasikia, kwa nini hata jina langu hajaribu?

Jibu lilikuja Jumamosi moja, msimu wa mvua ndefu. Mawingu yalitoka ziwani meusi kama sufuria. "Shuka!" Nikapanda, nikafunika. Mtoto alikuwa mahali pake kwenye mkeka. Akatazama lile shuka, akakunja uso, akarudi kwenye gunzi lake. Mvua ikaanguka juu ya mabati kwa kishindo. Mume wangu akaingia mbio kutoka barabarani, amelowa chapachapa, akasimama mlangoni kama kawaida yake.

"Nyathina!"

Mtoto hakugeuka.

"Nyathina! Wewe! Baba amekuja!"

Mtoto anazungusha gunzi kwenye kifuniko.

"Amenikasirikia," mume wangu akasema, anacheka.

"Si nilisema ni kiburi?" mama mkwe akamjibu.

Ndipo radi ikapiga. Haikupiga mbali, ilipiga miti ya pale barabarani, na mabati yote yakaruka na kurudi. Mama mkwe alipiga yowe akajitupa chini na mikono masikioni. Mume wangu alijikuta nyuma ya kabati, mwanaume mzima. Mimi nilijing'ata ulimi mpaka damu. Mtoto alikuwa amenipa mgongo. Hata bega halikutikisika. Alikuwa anajaribu kulisimamisha gunzi, likaanguka, akaliokota.

Nikachukua mfuniko wa ile sufuria kubwa ya ugali, nikasimama nyuma yake, nikaubamiza kwenye saruji. Mama mkwe akapiga yowe tena. Mtoto, hakuna. Nikainua macho kwenye lile shuka jeupe, na akilini mwangu kitu kikajipanga chenyewe, polepole, kama mtu anayehesabu vidole vyake baada ya ajali. Mlango. Mkeka. Kioo kilichoinama. Hakuwa akisikia mtu yeyote. Alikuwa anawaona.

"Simama pale mlangoni," nikamwambia mume wangu.

"Nini?"

"Toka nyuma ya kabati usimame mlangoni!"

Akasimama. Nikapanda kigoda, nikavuta shuka.

Yawa, kelele zilizotoka kwa yule mama! "Funika! Funika! Anataka kutuua! Nyar Katito anataka kutumaliza sisi wote!" Umeme ukamulika, kioo chote kikawa cheupe, na mimi nipo juu ya kigoda na shuka mkononi, naogopa, nisiseme uongo. Mtoto akainua uso. Akatazama juu. Akamwona baba yake mlangoni. Akageuka, akacheka, akamkimbilia na gunzi lake.

"Umeona?" nikamwambia. "Umeona au hukuona?"

Mume wangu alikuwa amembeba na kumkumbatia, maji yanamchuruzika. Alinitazama, akatazama kioo, akamtazama mama yake pale chini.

"Funika kwanza," akasema. "Mama anaogopa."

Kesho yake, asubuhi ya Jumapili, mama mkwe alikuwa sebuleni mapema. Nilifikiri ameamka kwa ajili ya mtoto. Alikuwa amempandisha mwanawe juu ya kigoda akague kama radi imeongeza madoa. "Angalia hapo kwa ndege. Hiyo ilikuwa hapo jana?" Walikagua kila pembe. Mjukuu wake alikaa kwenye mkeka anawatazama kutoka chini, na hakuna aliyemkagua.

Jumatatu nilimfunga mgongoni nikaenda hospitali Kisumu bila kuomba ruhusa ya mtu. Daktari alikuwa kijana, mchovu, hakuwa na maneno mengi. Alipiga kengele nyuma ya mtoto, akapiga ngoma ndogo, akaingiza mirija masikioni, akaandika. Akaniambia hasikii, sikio moja labda linapata mshindo mzito kidogo, lingine hakuna kitu. Huenda alizaliwa hivyo, huenda ilikuwa homa kali utotoni, hawezi kujua. Nikamuuliza kama inatokana na kioo. Niliuliza makusudi, ili nikirudi niwe na jibu la kuwapa.

Akaacha kuandika. "Kioo gani?"

Akaniambia kuna shule ya watoto wasiosikia, inachukua hata wadogo, watajifunza kusema kwa mikono, kusoma, kuandika. Akasema jambo moja ambalo nililishika: mtoto kama huyu akikaa bila lugha yoyote, kila mwaka unaopita unachukua kitu ambacho hakirudi. Alikuwa ameshapoteza karibu mitatu, watu wakimngojea aache kiburi.

Nikayarudisha maneno hayo Kisian. Jumamosi wakakaa kikao, chini ya kioo, wapi tena. Mama mkwe, mume wangu, shangazi na chai yake. Nikaeleza yote. Shangazi akasema, "Mos," pole, na kwa mara ya kwanza nikadhani nitaweza kumvumilia.

Kisha mama mkwe akasema, "Basi kama ni bubu, ni bubu. Mungu ndiye ametoa. Lakini shule ya nini? Huyu hatasema kitu maisha yake yote. Abaki hapa na mimi. Bubu anafanya kazi vizuri, hana maneno mengi. Atanisaidia nikizeeka. Na nyinyi mtapata wengine wazima."

Nilimgeukia mume wangu. Nilimpa nafasi, mtu asiseme sikumpa. Alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kitambaa cha kiti, macho juu, na nikafuata macho yake yalipokwenda. Alikuwa anajitazama.

"Wewe unasemaje?" nikamuuliza.

"Mama amesema tungoje," akajibu. "Tungoje kidogo, Nyar Katito. Usiharakishe mambo."

"Tungoje nini? Masikio yaote kama meno?"

"Sasa unaona hiyo mdomo?" mama mkwe akamwambia. "Hiyo mdomo ndiyo imemaliza maneno ya mtoto."

Kuna watu ukiwajibu unawapa cheo. Niliingia chumbani, nikatia nguo za mtoto kwenye begi, za kwangu kwenye mfuko wa gunia, nikatoka kupitia mlango wa mbele, katikati ya kikao chao. Mume wangu akasema, "Wewe, unaenda wapi?" akiwa bado amekaa. Sikuwahi kumsikia akisimama.

Sasa ninaishi Nyalenda, mtaa wa mabanda pale Kisumu, chumba kimoja, na ninauza omena, dagaa wa ziwani, sokoni. Huwapita watu wa Milimani, mtaa wa matajiri, wanaotafuta vioo vya zamani, maana siku hizi imekuwa fasheni. Kuna fundi karibu na soko anayetengeneza fremu mpya, anazikwaruza kwa msumari na kuzipaka chai ya rangi zionekane zimetoka kwa Mhindi, na wake za wakubwa wanapanga foleni kununua uzee. Nawatazama nacheka. Wananunua uchafu wa nyumba ya mtu wasiyemjua, waende kuutundika mahali wasipojiona.

Mtoto nampeleka shuleni asubuhi, namchukua jioni. Huu ni mwaka wake wa pili. Mikono yake inakimbia kuliko yangu, na mimi najifunza kwake mezani, naye ananisahihisha bila huruma. Baba yake hutokea Jumamosi moja moja. Amejifunza ishara mbili, "baba" na "kula". Anazirudia zote mbili mpaka jioni.

Mwezi uliopita mama mkwe alikuja mwenyewe. Alikuja na kuku mkononi na mpango mdomoni. Watu kanisani wanauliza mjukuu yuko wapi, likizo hii angemchukua Kisian, afanyiwe maombi, akae naye kidogo, au akae moja kwa moja tuone. Aliyasema yote kwangu, juu ya kichwa cha mtoto, kama mtu anayejadili kiti. Kisha akamwinamia, akamnyooshea mikono, akatikisa vidole kama unavyoita kuku.

Mtoto akamtazama. Akanitazama mimi. Akainua mikono yake midogo, akafanya ishara moja fupi, kali, akairudia ili isikosewe.

"Anafanya nini?" mama mkwe akauliza.

"Anasema hataki."

"Anasema?"

"Ndiyo, Mama," nikamjibu. "Anasema."